Reli ya Betri na Mizani ya Samaki

Mwanangu Nassoro,

Salamu sikuandikii, maana umelala chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma. Kukoroma huko umekutoa kwa babako. Kwetu Jego watu hulala kama taa iliyozimwa. Nakuandikia kwa sababu tangu Ijumaa mimi na wewe tunazungumza kwa kupitia babako. "Mwambie mwanao chai iko tayari." "Mwambie mama nimeshukuru." Naye amekaa katikati kama waya, anapitisha tu, yeye mwenyewe hana analosema. Kesho unaondoka kwenda Nairobi, na mtoto haagwi kwa waya.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini wanijua. Nikiwa na jambo zito, mdomo wangu hukimbilia kujisifu, na nikishaanza kujisifu huwa nasahau nilikokuwa nikienda. Kalamu inakwenda polepole. Huenda nikafika.

Habari za kula na kuvaa sweta siziandiki. Umesoma chuo kikuu ukarudi mzima, na mtu aliyefundishwa uhandisi hahitaji mama wa kumfundisha kufunga dirisha. Nataka kusema nawe juu ya reli.

Ulipopata barua ya kazi nilitoka nayo mpaka kwa Bi Mwanapili, nikamkuta anapara samaki wa changu mbele ya kibanda chake cha kuuzia. Nikamwambia mwanangu ameitwa kuwa mkaguzi wa hataza.

"Hataza ndiyo nini? Ni maradhi?"

"Mtu akivumbua kitu, serikali humpa hati kwamba kitu hicho ni chake, wengine wasimwibie. Hiyo hati ndiyo hataza. Sasa kabla hajapewa, lazima akae mtu akikague kitu chake. Ni kipya? Chafanya kazi kama anavyosema? Mtu huyo ndiye Nassoro."

"Kwa hiyo ni hakimu."

"Hakimu huhukumu wezi, Mwanapili. Mwanangu atahukumu wenye akili."

Niliyasema hayo kwake peke yake, wallahi. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamefika Ukunda, na yaliponirudia Msambweni yalikuwa yamenenepa: utakuwa ukila meza moja na mawaziri. Sikuyasahihisha. Maneno yakishanenepa vile, kuyakondesha ni kazi.

Sasa nikwambie ambayo huyajui, maana ulipopata akili duka lilikuwa limeshasimama, ukadhani lilizaliwa limesimama. Nilipoanza kuchaji betri nilikuwa na chaja moja, benchi moja, na elimu ya darasa la saba, tena la saba lenyewe nililimaliza kwa kukaa karibu na dirisha. Watu wa Milalani na Vingujini hawana stima mpaka leo. Wana televisheni, wana redio, na betri ya gari ya kuziendesha. Wakaja. Mimi nikadhani kazi ni kuunganisha waya mwekundu na waya mweusi, na nikadhani mradi waya zote mbili zimegusa, nani ataangalia rangi? Betri ya kwanza niliyoigeuzia waya ilikwenda harusini. Bwana harusi aliposhika kipaza sauti, mashine ikatoa moshi na mlio kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Bibi harusi akalia. Nilikuwapo, nimevaa leso mpya, na nikasema kwa sauti, "Hawa watu wa mashine hawajui kazi." Mungu amenisitiri mpaka leo. Huyo bwana harusi ni mteja wangu.

Lakini lililonifundisha halikuwa hilo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Vingujini, Mzee Chitsao, mkulima wa korosho. Alikuja na betri kichwani, amekunja nguo chini yake isimchome. Nikaichaji kutwa, haikushika. Sahani za ndani zilikuwa zimekatika. Alipokuja kuichukua, dirishani kulikuwa na watu wamejaa, na mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia kutoka kule ndani, mbele ya wote, "Mzee, hii imekufa. Katupe." Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ni vile sauti yangu ilivyo. Yule mzee akaikunja nguo yake upya, akaiweka kichwani, akaweka ile betri juu yake, akaenda nayo. Hakurudi. Baada ya muda nilipita kwake kwenye matanga ya jirani yake, nikaiona betri iko mlangoni, inazuia mlango usipigwe na upepo. Ameifuta vumbi. Hata vile vifuniko vyake vyote vipo.

Nilikuwa nimesema kweli, mwanangu. Betri ilikuwa imekufa. Ila maiti ya betri nayo ina wafiwa. Tangu siku hiyo, betri ikifa, natoka dukani, nazunguka mpaka nje aliko mwenyewe, nafungua vifuniko, namwonyesha sahani kwa tochi, nafunga taa ndogo aione haiwaki. Tukimaliza huwa analisema yeye mwenyewe, na neno analolisema mtu mwenyewe halimwumi sana.

Basi, reli. Wateja walizidi na kiuno changu kikapungua. Chaja ziko nyuma, juu ya benchi, dirisha liko mbele, chini, na katikati ni mimi, betri tumboni kama mimba ya miezi tisa. Asidi ikanila leso zote. Ile leso yangu ya "Wema hauozi" ilibaki na wema tu. Ndipo nikawaza. Kwetu kisimani kulikuwa na ndoo mbili kwenye kamba moja: hii ikishuka, ile inapanda. Kwa nini betri nazo zisifanye vivyo hivyo? Nikatafuta fundi wa kuchomelea, akanitandazia reli mbili za chuma kutoka benchi mpaka dirishani, zimelala kwa mteremko. Vigari vyake viwili nilitengeneza kwa magurudumu ya toroli la chakula lililotupwa na hoteli ya Diani. Kamba nikaipitisha kwenye kapi la mashua alilonipa mjomba wako wa Shimoni. Na kwenye benchi nikaweka rafu iliyoinama, betri zinajipanga zenyewe, iliyojaa kwanza inatoka kwanza, hakuna wa kusema amerukwa. Tupu naiweka kwenye kigari cha chini, iliyojaa kwenye kigari cha juu, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Nachomoa kigingi. Iliyojaa inateremka kwa mteja, tupu inapanda kwangu. Mimi nimekaa kitini napepewa.

Watu wakaja kutazama hata wasio na betri. Wakaniuliza inakwendaje bila mtu. Nikawaambia, jamani, si mnaona wenyewe? Betri iliyojaa ina umeme ndani, na kitu kilichojaa ni kizito kuliko kitupu. Gunia lililojaa na gunia tupu ni sawa? Nani angenibishia? Reli ilikuwa inakwenda.

Mwalimu Mutua ndiye aliyesema hili ni jambo la kuombewa hataza. Unamjua, mtu wa bara, alikuja kufundisha akabaki kwa sababu ya minazi aliyoipanda kwenye shamba lake la makazi, na mpaka leo nazi akizifua zinakimbia. Akaandika karatasi kwa Kiingereza, kichwa chake kikiwa kirefu kuliko reli yenyewe. Mimi alinitafsiria hivi: njia ya kuhifadhi na kusafirisha betri zenyewe kwa zenyewe kwa uzito wa umeme wake. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, babako aje asikie. Akachora na picha, mimi nimesimama kando ya reli na buibui langu. Tukapeleka Nairobi, ikakaa. Halafu wewe ukapata kazi kwenye ofisi ileile. Niambie, mama gani asingeona mkono wa Mungu hapo?

Najua utakumbuka ile jioni ya kombe la dunia, maana ulikuwa likizoni na ulicheka. Duka limejaa, kila mtu ataka betri yake kabla mpira haujaanza. Akaja dereva wa hoteli na betri ya kisasa, imefungwa juu yote, haina hata pa kutilia maji. Nikaichaji mpaka ikajaa. Nikaiweka kigarini, nikachomoa kigingi, nikakaa kitini nipepewe. Kigari hakikwenda.

"Imegoma," akasema dereva.

"Haigomi. Haijajaa." Nikairudisha kwenye chaja. Nikaitoa. Haikwenda.

"Mama, mpira unaanza."

"Betri za hoteli zina kiburi," nikasema. "Zimezoea kubebewa mizigo."

Mwisho babako akaja na ufagio, akaisukuma mpaka dirishani kama anayefukuza kuku. Watu wakacheka, wakaenda zao, na mimi nikalisahau. Yaani nikaamua kulisahau. Wewe hukulisahau. Nilikuona umesimama pale unaitazama ile reli, uso wako umekwenda mbali, kama ulivyokuwa mdogo ukitazama siafu.

Tukafika Ijumaa. Dua ya safari yako, pilau limeiva, watu wamejaa ukumbini, na mimi nimesimama kuwaambia. Kwani nilisema nini? Nilisema mwanangu akishakaa kwenye kiti chake, kazi yake ya kwanza ni kupiga muhuri reli ya mamake. Watu wakaitikia. Nikakugeukia ili uitikie nawe.

Ukasema, "Mama, faili yako sitaigusa. Sheria hairuhusu mtu kukagua kitu cha mamake. Na hata ningeruhusiwa nisingeipitisha. Imeandikwa kwamba umeme una uzito. Hauna. Ni maji. Unazitia maji ya betri kabla ya kuzichaji, ndiyo sababu zinateremka nzito. Ile ya hoteli haikutiwa maji, haikwenda."

Mwalimu Mutua, aliyeiandika kwa mkono wake, akainamia sahani kama anayetafuta shilingi ndani ya wali. Mtu akacheka huko nyuma. Babako akasema pilau mwaka huu limepata viungo. Mimi nikasema nimechaji betri tangu hujaota meno, nikaingia jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Sasa nakwambia kilichonichoma. Haikuwa habari ya maji. Ni kwamba nilikuwa Mzee Chitsao, na betri yangu kichwani, na sauti iliyotoka ndani ya duka ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Umenirithi mimi, masikini, si babako. Kukoroma tu ndiko kwake. Ulisema kweli, na uliisemea dirishani.

Leo ulipokwenda Jego kumuaga bibi yako, nilifunga duka. Nikaenda kwa Mwanapili nikamwomba mizani yake, ile ya kuning'iniza anayopimia nguru.

"Wapima nini?"

"Umeme."

Akaiacha biashara yake akanifuata. Tukafunga kamba kwenye boriti. Kwanza nikapima betri iliyofungwa juu, tupu, sindano ikakaa mahali pake. Nikaichaji mpaka ikajaa, nikaitundika tena. Sindano ikarudi palepale, kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

"Umeme uko wapi?" akasema Mwanapili.

"Subiri."

"Nisubiri utue?"

Nikachukua betri ya kawaida, ya yule bwana harusi. Nikaipima kama ilivyokuja, imekauka. Nikaitia maji mpaka alama. Sindano ikasogea, Nassoro. Nikaichaji mpaka ikachemka, nikaipima. Haikusogea tena. Ilisogea kwa maji, kwa umeme haikujishughulisha hata kidogo.

Mwanapili akakaa juu ya ndoo yake. "Basi miaka yote hii shoga yangu umekuwa ukituuzia maji."

"Nimekuwa nikiendesha reli kwa maji," nikamwambia. "Nitajie mwingine, Vanga mpaka Likoni, anayeendesha reli kwa maji ya chupa." Mtu akianguka chini aangalie kama kuna kitu cha kuokota.

Jioni nikamwita Mwalimu Mutua alete karatasi. Alikuja amejikunyata, akidhani nimemwitia ugomvi. Nikamwambia tuandike upya, umeme utoke, maji yaingie. Akaandika. Halafu akasimamisha kalamu, akasema sheria ina jambo jingine, alikuwa hakuniuliza mwanzo. Kitu cha kuombewa hataza kinatakiwa kiwe kipya, kisiwe kimekwisha kujulikana na watu siku nyingi kabla ya kuombewa.

"Mama Nassoro, uliwahi kumwonyesha mtu reli hii kabla hatujaipeleka?"

Nikamtazama. Kwani nani sikumwonyesha? Niliipeleka maonyesho ya kilimo Kwale, nikaisimamisha kando ya ng'ombe wa maziwa, na watu wakamwacha ng'ombe. Watalii wa Diani wameipiga picha. Madereva wa malori ya Samburu wamekuja kuitazama na mbuzi wao wakilia nyuma. Kila harusi niliyokwenda nimeieleza, na harusi ambazo sikualikwa nilikwenda ili nieleze. Wapo watu Lungalunga waliojijengea ya kwao, na nilikwenda mwenyewe kuwarekebishia mteremko. Mwanangu, hakuna adui aliyeniibia kitu. Nilikigawa kwa mdomo wangu, kama halua ya Idi.

Mwalimu akasema polepole, "Nairobi ni mbali. Nani atajua? Tuandike hapana."

Nakwambia kweli, neno hilo lilikaa pale mezani likaning'aria. Nililiangalia. Hati yenye jina langu na muhuri, ningeitundika pale kila mtu aione akileta betri. Nikawaza watu wa Ijumaa. Kisha nikakuwaza umekaa kwenye kiti chako, na siku moja faili ya mtu mwingine iko mbele yako, imeandikwa hapana na wewe wajua ni ndiyo, nawe huwezi kuinua kalamu kwa sababu ya mamako.

Nikamwambia, "Andika ndiyo. Andika niliionyesha. Andika wote."

"Wote haitoshi karatasi."

"Basi andika pwani nzima ya kusini."

Ameandika. Bahasha anaipeleka posta mwenyewe, mimi sikupi uibebe, usije ukaonekana umebeba mkono wa mamako mfukoni. Wewe usiitafute hiyo faili. Usiulize imefika wapi. Mwachie mkaguzi asiyenijua, na akiona haifai aikatae. Nimekwisha kumwambia Mwanapili hivyo, na yeye akikwisha kujua, Ukunda wote wanajua, kwa hiyo hakuna wa kukusumbua. Niliowaahidi kwamba utanipigia muhuri nimewaondolea ahadi. Kwanza walinionea huruma. Nikawaambia ninachongojea, huruma ikawaisha.

Ninachongojea ni hiki. Wakinikataa, lazima waandike sababu, wewe ndiye uliyenieleza hivyo. Nao wataandika nini? Wataandika, kwa karatasi ya serikali, kwa Kiingereza, kwamba uvumbuzi wa mama huyu ulikuwa tayari unajulikana na watu wa pwani nzima. Hiyo nitaitia fremu ya kioo. Nitaitundika juu ya reli, palepale nilipopangia ile hati. Wapo wengi wenye hati, lakini wangapi wana barua ya serikali inayothibitisha umaarufu wao?

Na wewe, ukishaanza kazi, watakuja watu na vitu vyao kichwani, wamekunja nguo chini yake. Vingi vitakuwa vimekufa. Waambie, ndiyo kazi yako, na usimpe mtu uhai ambao hana kwa sababu ametoka mbali. Lakini zunguka utoke nje.

Mkaguzi mwenzako wa meza ya pili akicheka peke yake akitazama picha ya mama mnene wa buibui amesimama kando ya reli, wewe nyamaza. Ngoja amalize kuandika uamuzi wake na kuutia sahihi. Akishatia, mwambie huyo ni mamako. Mwambie na hili: mimi si mnene vile, ni Mwalimu Mutua hajui kuchora.

Nazima taa sasa, betri hii nayo ina mwenyewe. Kesho alfajiri nitakuja mlangoni kwako mimi, nikwambie mwenyewe kwamba chai iko tayari. Na jibu lako usimpe babako aniletee.

Mamako,
mwenye reli.